Bika Yangu Haikufungwa

Kama unasoma hii ukiwa umelala chali na huwezi kugeuka mpaka mtu akushike kiuno, usijali, nitaenda haraka. Mimi pia nilikuwa nachoka na watu wa maneno marefu. Wanakuja, wanakaa kwa kiti, wanasema Mungu ni mwema, halafu wanaenda nyumbani na miguu yao.

Naitwa Keji. Nilisoma Kitale mpaka fomu foo, nikamaliza, nikawa narudi Juba kwa mama. Barabara ilikuwa mbaya wakati ule, magari yalikuwa yanapigwa risasi, kwa hiyo mjomba akasema nirudi na ndege kutoka Nairobi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda. Huko juu kabisa, jua linawaka, mawingu yako chini mbali sana, watu wanakunywa chai, hewa ikachafuka ghafla. Hakuna mtu alituonya. Ndege ilitikiswa vile mama anapepeta simsim kwa ungo, na wale ambao hawakuwa wamefunga mkanda walirushwa wakagonga paa. Baadaye walisema kitu kilivunjika kwa mkia. Rubani alijaribu kutufikisha Juba. Hatukufika. Tulianguka ng'ambo ya mto, kwenye nyasi ndefu. Wengi walikufa. Mimi mgongo ulivunjika chini, karibu na nyonga.

Kuhusu siku ile, hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote. Mtu akiuliza zaidi, nilikuwa naangalia ukuta.

Wanajeshi walinitoa na pikapu wakanipeleka kwa kliniki ndogo huko huko ng'ambo, sio hospitali kubwa ya mjini ambako walipeleka maiti za wengine. Kosa lilianzia hapo. Kaka yangu Lado, ambaye ni mtu wa bodaboda, alizunguka hospitali kubwa yote, akainua mashuka ya watu, hakuniona. Redio ikasema hakuna aliyepona. Basi kwetu Mangateen wakaanza bika. Bika ni pale watu wanakuja kukaa na wafiwa: turubai, viti vya plastiki, wamama kwa mkeka wanalia kwa zamu, na moto wa chai ambao hauzimwi mpaka siku ya mwisho. Mama alinyoa kichwa chote.

Mimi nikaamka kliniki, nikasema namba ya Lado. Sijui akili niliitoa wapi. Sista akapiga, akaweka sauti nje.

"Halo? Niko na mgonjwa hapa anasema ni dada yako."

"Dada gani?"

"Keji."

"Wewe mama, hauna adabu? Tuko kwa bika ya Keji saa hii. Nani amekutuma?"

Sista akaniwekea simu kwa mdomo. Nilikuwa nimefikiria kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Lado, niletee nguo. Zangu wamezikata."

Simu ilianguka. Nikasikia viti vinapinduka, mtu anapiga kigelegele, mwingine analia kuliko mwanzo, na sauti ya Anti Nakato, jirani yetu Mganda anayeuza mitumba soko la Custom, juu ya wote: "Bannange! Maiti inaomba nguo!"

Mama alikuja bila viatu. Mara ya kwanza sikumjua, kwa sababu ya kichwa. Hakunishika uso, hakunishika mkono. Alienda moja kwa moja kwa miguu, kama mtu anayehakikisha mtoto amezaliwa mzima. Akashika mguu wa kushoto, akaubana kwa mikono miwili, akalia juu yake.

Nilimwona ameushika. Sikusikia mikono yake.

Hapo ndipo niliogopa. Kwa ndege kila kitu kilienda mbio. Pale kitandani nilipata muda, na woga unapenda mtu mwenye muda.

Mimi sikuhesabu miezi. Nilihesabu hivi: wakati wa mfuko, wakati wa kidonda, wakati wa mkanda.

Wakati wa mfuko ilikuwa mwanzo wa mvua. Mkojo wangu ulikuwa unatoka kwa mpira na kuingia kwa mfuko uliofungwa kando ya kitanda, na kila mgeni akiingia macho yake yalienda hapo kwanza. Nilimwambia Lado aufunike na leso. Akafunika na leso ya mama yenye maandishi makubwa ya kumsifu Mungu. Nikacheka, na kucheka kuliuma mpaka nikatapika. Kama uko kwa wakati wa mfuko, nakuambia: funika. Hata kama ni kijinga. Kitu chako kimoja kiwe cha siri.

Wakati wa kidonda mvua zilikuwa zimekolea, matope yako mpaka mlangoni. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani na nilikuwa nalala upande mmoja sana, kwa hiyo ngozi ya nyonga ilioza. Nilinusa kabla ya kuona. Mama aliosha na maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila mara alikuwa anaimba pole pole ili asisikie mimi nikilia, au mimi nisisikie yeye. Mguu wa kushoto ulikuwa unakonda. Paja likawa kama mkono. Nilikuwa nikiuangalia kama mguu wa mtu mwingine aliyelala na mimi bila ruhusa. Nywele zangu zilikatika kwa sababu ya mto, na za mama zikawa zinaota, kwa hiyo kuna wiki moja tulifanana kabisa. Anti Nakato akasema, "Sasa nani mzazi, nani mtoto? Nipeni kitana nichague."

Wakati wa mkanda ni pale mvua zilikata na vumbi likaanza. Walinifunga mkanda mgumu kutoka kwapani mpaka kiunoni, nikaruhusiwa kukaa. Huo mkanda kwa joto la Juba ni kama kuvaa debe. Ndani yake nilikuwa napeleka kijiti cha ufagio kujikuna. Lakini kukaa! Niliona tena nyuso za watu kutoka mbele, sio kutoka chini kwa matundu ya pua.

Kliniki ya mifupa tulikuwa tunaenda na raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, Lado amenishika mgongo kama anashika sinia ya mayai. Pale kungoja ni kungoja. Benchi ni za mbao, watu wamejaa mpaka nje, na kila mtu ana mlango mmoja anauangalia. Nilijifunza kuchagua mtu wa kukaa naye. Usikae karibu na anayehadithia ugonjwa wa marehemu. Kaa karibu na mtu mwenye mtoto mchanga au mtu mwenye njugu.

Ndege zinapita juu ya nyumba yetu zikienda kutua. Ikisikika mbali tu, mwili wangu ulikuwa umeshaanza: mikono inashika kitanda, meno yanabana, na kitanda kinashuka. Sio ndoto. Macho yako wazi, mchana, naona kuku wanachakura, na bado kitanda kinashuka chini yangu na tumbo linabaki juu. Lado alikuwa anakimbia kutoka uani, anaweka mkono wake kwa sakafu na kusema, "Angalia. Sakafu. Imekaa." Mwanzoni alikuwa anasema kwa upole. Baadaye alikuwa anasema kwa hasira, na simlaumu. Alikuwa anaacha abiria ili anibebe chooni. Siku moja alinibeba, akaniweka, akatoka, akapiga teke jerikeni tupu la maji mpaka likapasuka. Halafu akarudi kunichukua.

Na kulikuwa na wageni wa aina nyingine. Watu waliofiwa na ile ndege. Walisikia kuna mtoto aliyetoka, wakatafuta nyumba. Mama mmoja alitoka mtaa wa Malakia na picha kwa simu, mwanaume mnene anacheka, amevaa kofia. Alikaa kwa mkeka, hakunywa hata chai.

"Huyu ulimwona, binti yangu?"

"Hapana, mama."

"Angalia tena. Bila kofia."

"Sikumwona, mama. Nilikuwa nyuma."

"Walilia sana, hao wa mbele?"

Nikaangalia ukuta. Mama yangu akamwambia kwa Kiarabu cha Juba, "Malesh, dada, malesh," pole, pole, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi hakuniuliza kitu. Mama hakuwahi kuniuliza. Kila mtu aliuliza, hata muuza mkaa aliuliza. Yeye hapana.

Halafu vumbi likiwa katikati, daktari alituita ndani sisi wote watatu. Daktari akikuita na familia yote, jua kuna kitu. Alisema kuna kipande cha mfupa mgongoni ambacho hakikushika vizuri, kinasogea, kinabana mshipa unaokwenda mguu wa kushoto. Hapa hawana chombo cha kuufanyia kazi. Kampala wako nacho.

"Haraka kiasi gani?" Lado akauliza.

"Kabla mvua hazijarudi. Ukikaa, huo mguu unakufa. Na sikuahidi kuwa ule mwingine utabaki."

"Basi tutatafuta gari nzuri. Anaweza kulala kiti cha nyuma."

Daktari alicheka kidogo, sio kwa ubaya. "Barabara ya Nimule? Wewe ni mtu wa boda, unaijua kuliko mimi. Kila shimo ni nyundo kwa huo mfupa. Hata msipopigwa risasi, atafika akiwa hana miguu. Aende na ndege. Ni saa moja tu."

Saa moja tu. Nilisikia kiti chini yangu kinashuka.

Mama akasimama. Anaongea Kibari, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili alichookota kambini Uganda, vyote kwa sentensi moja. Siku hiyo aliongea Kiswahili ili daktari asikie.

"Khalas. Imeisha. Mimi hapana peleka mtoto kwa ndege. Mimi iko lia yeye mara moja. Ya pili mimi iko kufa."

"Mama, mguu…"

"Mguu naweza kosa. Mimi nabeba yeye. Hata na miaka yangu nabeba."

Tukarudi na raksha. Nyumbani ndiyo vita ilianza. Lado alisema mama anataka kuniua kwa upendo. Mama alisema Lado anataka kunitoa mgongoni mwake. Jirani wakatoka. Anti Nakato akaja na mfuko wake wa mitumba bado begani, akasema, "Mama Lado, kwani nini hasa? Ndege nyingi zinaenda Entebbe kila siku, zinarudi. Mimi napanda. Wanakupa hata maji."

Ndipo mama alisema kitu ambacho alikuwa amekifungia tangu siku ile ya simu.

"Nyinyi ilikuwa wapi? Watu nakuja, nakaa, nalia. Moto nawaka. Bika iko nafunguka. Halafu simu napiga, kila mtu nakimbia. Huyu nabeba kiti, huyu nacheka, huyu nabeba sufuria yake. Nani nafunga bika? Nani nazima moto? Hakuna. Bika ya Keji iko wazi mpaka leo. Bika kama mlango, nangoja mtu yake."

Lado akashika kichwa. "Mama, hizo ni mambo ya zamani."

"Wewe iko na miguu mbili. Nyamaza."

Nilitaka kucheka na Lado. Nina cheti cha shule, nilifanya hata bayolojia. Lakini sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua hicho kitanda kinashuka kwenda wapi. Kuna shimo mahali, na limeandikwa jina langu, na watu wamekwisha kulilia. Nilichofikiria ni hicho.

Anti Nakato hakubishana. Aliweka mfuko chini. "Kama haikufungwa, si tuifunge?"

"Nafunga bika ya mtu hai?" mama akasema.

"Mlifungua ya mtu hai."

Mama alikaa kwa jiwe la kufulia, akafikiria, akaenda ndani kutafuta leso yake ya kanisa.

Wamama wa kanisa walikuja asubuhi ya Jumamosi na vitambaa vyeupe vya kichwa, wengine wale wale waliokuwa mwanzo. Lado aliazima turubai. Viti vikapangwa. Moto ukawashwa, chai ikawekwa, na mimi nikatolewa na mkanda wangu nikawekwa kwa mkeka katikati, kwa sababu mwenyekiti wa wamama alisema, kama ni kufunga, afungiwe akiwepo. Ila yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi.

"Mimi sijui maombi ya kumaliza bika ya mtu anayepumua."

"We omba tu, mama mwenyekiti," akasema Anti Nakato. "Mungu atachagua."

Wakaimba. Halafu, vile inafanywa siku ya kumaliza, kila mtu akasema neno juu ya marehemu. Nilidhani wataruka hiyo. Hawakuruka.

"Keji alikuwa mtoto wa adabu," alisema mmoja.

"Alikuwa na adabu wapi? Alikuwa na mdomo," akasema mwingine. "Lakini alikuwa anajua kuosha vyombo."

"Alikuwa mchoyo wa sukari," akasema Lado. "Nimsamehe kabla hatujafunga."

"Niko hapa!" nikasema.

"Nyamaza," mwenyekiti akanigonga goti kwa kidole. "Marehemu haongei."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na mimi nilicheka. Halafu zamu ya mama ikafika, na kicheko kikakatika chenyewe. Alisimama, hakuniangalia. Aliongea Kibari, taratibu. Alisema siku ile redio ilisema hakuna aliyepona, alitaka kujua kitu kimoja tu, kama nilikuwa peke yangu. Kufa, alisema, kila mtu atakufa. Lakini alikuwa ananiona huko juu mahali hapana chini, nikimtafuta kwa macho. Akasema hivyo, akakaa, akalia sauti ya bika yenyewe, ile ya kutoka tumboni, na wamama wakaipokea. Nilisikia vile nilililiwa. Watu wachache wamesikia hiyo. Inatisha kuliko ndege.

Walipotulia, walimwaga maji kwa moto. Moshi mweupe ukapanda, jivu likatolewa nje ya ua kwa sepetu, na wakafagia ua wote, kuanzia mlangoni mwa nyumba mpaka barabarani, nyayo zote. Mwenyekiti akaosha mikono ya mama, akaosha yangu, akasema kwa sauti ya amri, "Bika imekwisha. Kila mtu aende kwake." Na wakaenda. Hakuna aliyekimbia safari hii.

Mama akafuta uso na leso. "Sasa tunaenda Kampala. Mimi nakaa kiti ya karibu."

Ungefikiri nilifurahi. Sikufurahi. Kwa sababu muda wote ule mama alikuwa anakataa, mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake. Alikuwa anaogopa kwa niaba yangu. Sasa alikuwa amemaliza, na woga wote uliobaki ulikuwa wangu.

Nitaruka mbele kidogo hapa. Nilikuwa nachukia simulizi zinazoficha mambo ili uendelee kusoma, kama vile mgonjwa hana shida zake. Operesheni ilifanyika Kampala. Nililala, nikaamka, nikatapika, nikalia kwa maumivu, na baadaye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kikasikia baridi ya sakafu. Sasa natembea na fimbo. Paja bado ni jembamba. Hiyo ndiyo habari, ishike. Kilichokuwa kigumu zaidi ya kisu ni ile saa moja kabla yake, na hiyo ndiyo nilitaka kukuandikia.

Uwanja wa ndege wa Juba, ukumbi wa kungoja, mvua za kwanza zilikuwa zinanukia tayari. Niko kwa kiti cha magurudumu. Ndege ilionekana kwa kioo, nyeupe, mlango wake mdogo. Nikatapika kwa mfuko wa nailoni ambao mama alikuwa amefungia mkate. Nikamwita Lado, ambaye walimruhusu kunisukuma mpaka hapo.

"Nirudishe nyumbani."

Hakukasirika. Alichuchumaa mbele yangu. "Dada, nimekubeba tangu mvua mpaka mvua. Chooni, kitandani, hospitali. Ukisema nikurudishe, nakurudisha saa hii, na nitakubeba mpaka nizeeke. Lakini nataka useme wewe. Sio tumbo lako."

Nilifungua mdomo. Tumbo lilikuwa na maneno mengi. Mimi sikuwa nayo. Tulikaa hivyo mpaka watu wa kiti wakaja, na kwa kuwa sikuwa nimesema, wakanisukuma.

Mama hakuwahi kupanda ndege. Aliingia na kapu la samaki wakavu kwa mapaja, akasalimia kila mtu mpaka kiti chetu, hata waliovaa vitu vya masikio. Hakujua mkanda. Nilimfunga mimi, nikaukaza, akasema, "Wewe nataka kata mimi mbili?" Nikaukaza tena. Wangu niliukaza mpaka nikakosa hewa.

Kupaa sikumbuki. Nilikuwa macho yamefungwa, natafuta sakafu ya Lado, na hapo hapakuwa na sakafu.

Halafu tukiwa juu, taa ya mkanda ikawaka. Ikaanza. Kidogo kwanza, kama tairi kwenye kokoto. Halafu ikashuka mara moja, ghafla, na tumbo langu likabaki juu, na nikapiga kelele. Sio kelele ya heshima. Mtu nyuma akasema, "Yesu!" na mwingine akacheka kwa aibu. Mhudumu alikuwa amefungwa kwa kiti chake mbele, ananiambia kwa mkono nitulie, ni kawaida. Kawaida! Hata siku ile chai ilikuwa ya kawaida. Nikawa najaribu kufungua mkanda, sijui nilitaka kwenda wapi.

Mama akashika mikono yangu yote miwili kwa mmoja wake. Kapu lilikuwa limeanguka, samaki wako chini kwa miguu ya watu. Ndege ikashuka tena, nikaona shingo yake imekaza kama kamba. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kuona anaogopa kwa karibu hivyo. Akainamisha kichwa chake mpaka kwa sikio langu.

"Siku ile ilikuwa namna hii?"

Sikuelewa kwanza kwamba ameuliza.

"Keji. Siku ile. Ilikuwa namna hii?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mbaya kuliko hii."

"Namna gani? Wewe sema. Mimi nataka jua yote."

Hapakuwa na ukuta wa kuangalia. Kulikuwa na uso wake. Nikaanza. Nilimwambia chai ilitoka kwa kikombe ikasimama hewani kabla ya kuniunguza mikono. Nilimwambia kulikuwa na mwanaume kando yangu, hatukuwa tumesalimiana hata, alinikandamiza shingo mpaka kichwa kikafika magotini, akasema kwa Kiswahili, "Usiangalie, mdogo wangu, usiangalie," na mkono wake ulibaki hapo njia yote ya kushuka, mzito, na joto lake nilikuwa bado nalo shingoni nilipokuwa kwa nyasi. Ndege yetu ikatikisika. Niliendelea. Nilimwambia nilimwita yeye, mama, kwa sauti, kwa jina la kitoto la kumwita, ambalo niliacha nikiwa mdogo sana. Nilimwambia harufu ya nyasi zilizokatwa na mafuta ya taa. Nilimwambia kulikuwa na ng'ombe. Anakula. Akainua kichwa, akaniangalia, akaendelea kula, na mimi nikafikiri, kama huyu hakimbii basi imekwisha.

"Ng'ombe rangi gani?" mama akauliza.

"Mweupe na mabaka. Pembe moja imeinama."

"Hm," akasema, na machozi yanashuka, kama mtu anayemjua.

Sikujua kama tulikuwa bado tunatikisika. Nilikuwa nimefika pale wanajeshi waliponiinua na sauti ilitoka mgongoni mwangu kama kuni inayovunjika, nikasikia gurudumu linagonga chini, na ziwa liko kando ya dirisha, na watu wanafungua mikanda kabla hawajaruhusiwa. Nikanyamaza. Wote walisimama, wanatoa mizigo, mtu mmoja anaokota samaki wetu na kumrudishia mama kapu.

Mama hakulichukua. Alikuwa bado ameshika mikono yangu.

"Wewe hapana nyamaza," akasema. "Maliza."

Tukabaki tumekaa, ndege ikaisha watu, na nikamaliza.